Simu Ikijaa, Meseji ya Pesa Inakwenda Wapi?

Tuseme uko Lokichar, saa sita mchana, jua limekaa utosini. Umeleta mbuzi wanne sokoni na mmoja ameshapata mnunuzi. Mmekubaliana shilingi 6,000. Mnunuzi anabonyeza simu yake kidogo, halafu anakuonyesha skrini.

"Mama, pesa imeshaingia. Soma hapa."

Unaangalia simu yako. Kimya.

"Kijana, yangu haijasema kitu."

"Ni network tu, mama. Itaingia. Lori linaondoka, nipe mbuzi niende."

Hapo kuna mambo mawili yanayoweza kuwa kweli. La kwanza, kijana ni mwaminifu, pesa iko kwenye akaunti yako, ila simu yako imejaa meseji na haina nafasi ya kupokea nyingine. La pili, kijana ni tapeli na ile meseji ameiandika mwenyewe. Ukisimama pale sokoni huwezi kuyatofautisha kwa macho. Ukimnyima mbuzi mtu mwaminifu umempoteza mteja. Ukimpa tapeli, umepoteza mbuzi.

Wateja wengi wa Turkana, kuanzia Kainuk hadi Kakuma, wanatumia simu ndogo ya mabonyezo kwa sababu betri yake inakaa siku kadhaa. Simu hiyo ni nzuri, lakini nafasi yake ya meseji ni finyu. Leo tuongee kuhusu nafasi hiyo: inajaaje, ikijaa inatokea nini, na namna ya kuitunza ili usibaki umesimama sokoni ukibahatisha.

Kwanza: meseji si pesa

Hili tulimalize mapema. Mtu akikutumia pesa, kazi yote inafanyika kwenye seva za kampuni. Akaunti yake inapunguzwa, yako inaongezwa, na muamala unaandikwa kwenye daftari kuu pamoja na namba yake ya kumbukumbu. Baada ya hapo ndipo meseji inatumwa kwako. Meseji ni risiti. Risiti ikipotea njiani, pesa haipotei. Na risiti ikighushiwa, pesa haizaliwi.

Kwa hiyo yule mama wa mbuzi ana njia moja ya uhakika: aingie kwenye menyu ya huduma, aweke PIN yake mwenyewe, aangalie salio au orodha fupi ya miamala ya mwisho. Jibu linalojitokeza papo hapo kwenye skrini ya menyu haliingii kwenye kisanduku cha meseji, kwa hiyo simu iliyojaa hailizuii. Kama menyu yenyewe inajibu kwa meseji, futa kwanza meseji mbili tatu zisizo na maana, kisha uliza tena.

Asiangalie skrini ya mnunuzi hata kidogo. Hiyo si ushahidi wa kitu chochote.

Mtungi na tangi

Kila mtu wa Lokichar anajua shughuli ya maji. Lori la maji likifika, unakinga kwa mtungi wa lita 20, unaukimbiza nyumbani, unaumwaga kwenye tangi, unarudi. Mtungi ni wa kupokelea na tangi ni la kuwekea. Mtungi ukijaa na bado hujaumwaga, maji yanayofuata yanamwagika chini, hata kama tangi lako nyumbani ni la lita 10,000 na liko tupu.

Kisanduku cha meseji kwenye simu yako ni mtungi. Kazi yake ni kupokea. Tatizo ni kwamba wengi wetu tumekigeuza tangi: meseji za mwaka mzima zimo humohumo, za pesa, za bando, za salamu, za matangazo. Halafu siku ya soko tunashangaa maji yanamwagika.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Meseji moja ya kawaida ina herufi 160. Ikizidi hapo, mtandao huikata vipande viwili au zaidi, na simu yako huviunganisha ili uone ujumbe mmoja. Meseji ya uthibitisho wa pesa yenye jina la mtumaji, kiasi, tarehe, saa, salio jipya na maelezo ya gharama inaweza kuvuka hizo 160 kirahisi. Kwa macho yako ni moja, lakini kwa simu imekula nafasi mbili.

Simu ikijaa, huuambia mtandao kwamba haina nafasi. Mtandao haiitupi meseji hapohapo. Unaishikilia kwenye kituo chake cha meseji na kujaribu tena. Ukifuta vitu vichache, simu inautaarifu mtandao kwamba nafasi imepatikana, na meseji zilizokuwa zinasubiri zinaanza kuingia kwa mfululizo. Lakini kusubiri huko kuna mwisho. Muda wake ukiisha kabla hujafuta, meseji inatupwa na hutaiona tena. Muamala uko salama kwenye daftari kuu, ila risiti yako ya mkononi imekwenda.

Hata kompyuta kubwa zina tatizo hilihili

Usifikiri ni simu ndogo tu. Wahandisi wa kompyuta kubwa wamepambana na jambo hili kwa miaka mingi, na walichojifunza kinatufaa sana.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wahandisi wa Bell Labs huko New Jersey, Marekani, wakiwemo Ken Thompson na Rob Pike, walianza kujenga mfumo wa kompyuta ulioitwa Plan 9. Seva yake ya mafaili ilikuwa na tabia moja nzuri: kila siku ilichukua picha ya mafaili yote jinsi yalivyo na kuihifadhi moja kwa moja. Ukitaka faili lako lilivyokuwa Jumanne ya mwaka juzi, unaenda kwenye folda ya siku hiyo unalikuta.

Mwaka 2002, Sean Quinlan na Sean Dorward wa Bell Labs walieleza ghala jipya la kumbukumbu waliloliita Venti. Kitu kikishaandikwa Venti hakifutiki na hakibadilishwi. Kila kipande hupewa alama yake inayotokana na yaliyomo ndani, na kipande chenye yaleyale kikiletwa mara ya pili hakiandikwi tena. Hilo ndilo tangi. Mbele yake ikawekwa seva nyingine, Fossil, inayopokea kazi za kila siku kwenye diski ya kawaida. Hiyo diski ndiyo mtungi: nafasi ya kuandikia kwa muda, mpaka yaliyomo yapelekwe Venti.

Mpangilio uliozoeleka wa Fossil ni huu: nakala ya kudumu inakwenda Venti mara moja kwa siku, saa 11 alfajiri. Kati ya hapo, kila dakika 60 inachukuliwa picha ya muda inayobaki kwenye diski ya Fossil yenyewe, ili mtu akiharibu kazi yake saa nne aweze kuirudia ilivyokuwa saa tatu. Picha hizo za muda hufutwa zikifikisha dakika 2,880, yaani siku mbili.

Kitu kikishafika kwenye ghala la kudumu, nafasi yake kwenye diski ya mbele inaweza kutumika tena. Ndiyo maana diski ya mbele inaweza kuwa ndogo kuliko ghala. Haihitaji kubeba historia yote. Inahitaji kubeba yanayobadilika kati ya safari moja ya ghalani na inayofuata, pamoja na zile picha za muda, pamoja na akiba kidogo.

Diski hiyo hujaa kwa njia tatu. Ya kwanza, kazi ya siku imezidi ukubwa wake. Ya pili, njia ya kwenda ghalani imekatika: Venti haipatikani, nakala ya alfajiri haiendi, na kazi inaendelea kurundikana. Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu wengi, kwa hiyo tuiangalie peke yake.

Nimefuta, mbona nafasi hairudi?

Kwenye seva kama Fossil, ukibadilisha faili, kipande cha zamani hakifutwi kama kuna picha ya muda inayokitumia. Kipya kinaandikwa pembeni, na vyote viwili vinakaa. Ukifuta faili zima, bado vipande vyake vinakaa mpaka picha ya mwisho inayovishikilia iondolewe. Msimamizi anaweza kufuta mafaili makubwa kwa hofu, akaangalia nafasi, akakuta haijabadilika. Picha za muda zinazochukuliwa mara nyingi na kuwekwa muda mrefu zinaweza kuila diski yote.

Sasa rudi kwenye simu yako, hasa kama ni smartphone. Una meseji ya pesa. Ukaipiga skrinshoti. Ukaituma WhatsApp, na WhatsApp ikabaki na nakala yake. Mwenzako akairudisha kwenye group, ikajidownload tena. Ukifuta meseji ya kwanza, umefuta kitu kidogo kuliko vyote. Skrinshoti zote bado zipo. Na hata ukizifuta, kwenye simu nyingi picha zilizofutwa zinaenda kwanza kwenye kapu la taka na kukaa humo kwa siku kadhaa, bado zinakula nafasi ileile mpaka uliondoe kapu lenyewe.

Smartphone haihesabu meseji kama simu ndogo, lakini kumbukumbu yake ikibanwa sana na picha na video, inaweza kukataa kupokea meseji vilevile. Video moja ya harusi kutoka group la familia inaweza kuzuia risiti ya karo ya mtoto.

Piga hesabu ya mtungi wako

Msimamizi mzuri wa seva hasubiri kujaa. Anajua mtungi wake unajaa baada ya muda gani. Wewe pia unaweza.

Chukua mfano wa duka la rejareja kwenye barabara ya Kitale kwenda Lodwar, malori na matatu yakipita mchana kutwa. Tuseme linapokea malipo 60 kwa siku kwa simu, na kila meseji inakula nafasi mbili. Hiyo ni nafasi 120 kwa siku. Kama simu ya dukani ina nafasi 500, itajaa mapema siku ya tano.

Mwenye duka akisema, "Basi nitasafisha kila siku ya nne," anakuwa amejaza 480 na kubakiza nafasi 20 tu. Siku moja ya mtandao kusumbua au sola kukataa, amekwama. Akisafisha kila siku ya pili, anajaza 240 na kubaki na 260. Hata kama kitu kikimzuia siku mbili nyingine, bado meseji zinaingia.

Kanuni ni rahisi: safisha ukiwa umetumia nusu. Nusu nyingine ni ya siku mbaya, na siku mbaya Turkana tunazijua. Mlingoti ukizima, au laga ikifurika na kukata barabara, wewe bado unauza.

Angalia simu yako sasa. Simu nyingi za mabonyezo zina sehemu ndani ya mipangilio ya meseji inayoonyesha nafasi iliyotumika, ya simu na ya laini. Hakikisha pia meseji zinahifadhiwa kwenye simu, si kwenye laini. Laini hubeba meseji chache sana.

Nakili, hakiki, ndipo ufute

Mpangilio huu usiugeuze. Watu wengi wanaumia kwa sababu wanaanza na kufuta.

1. Nakili. Omba taarifa ya miamala yako kupitia menyu ya huduma au programu. Taarifa kamili inaweza kutumwa kwenye baruapepe yako kama faili lenye nywila. Kama huna baruapepe, tumia daftari: tarehe, namba ya muamala, jina, kiasi, na ilikuwa ya nini. Namba ya muamala ndiyo ya muhimu zaidi. Ukiwa nayo, huduma kwa wateja inaupata muamala haraka hata kama meseji imefutika.

2. Hakiki. Fungua ulichonakili. Je, faili linafunguka? Nywila unaikumbuka? Tarehe ya kwanza na ya mwisho ni zile ulizotaka? Jumlisha malipo ya siku moja uone kama yanalingana na meseji za siku hiyo. Nakala ambayo hujawahi kuifungua bado huwezi kuiita nakala.

3. Futa. Sasa futa za zamani. Acha meseji za wiki ya mwisho, na acha zote za malipo ambayo bado yana ubishi: deni ambalo halijaisha, mzigo ambao haujafika, pesa uliyotuma kimakosa na unasubiri irudishwe.

4. Ondoa mabaki. Smartphone: skrinshoti, kapu la taka, video za magroup. Zima WhatsApp kujidownload picha na video yenyewe. Simu ndogo: angalia pia meseji ulizotuma na zile ambazo hukuzimaliza. Hizo nazo zinakula nafasi.

Usisahau usalama. Ukitumia cyber ya Lodwar au Kakuma kufungua taarifa yako, futa faili kwenye kompyuta ile na utoke kwenye baruapepe kabla ya kuinuka. Taarifa hiyo ina majina na mapato yako yote. Na mtu yeyote akikuambia atakusaidia "kusafisha simu" kisha akauliza PIN, mnyang'anye simu yako na uondoke. Kusafisha meseji hakuhitaji PIN.

Kwa nini utunze, si kufuta tu?

Kuna wanaosema, "Kampuni ina rekodi zote, mimi za nini?" Ni kweli daftari kuu lipo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako. Lakini daftari la kampuni linasema shilingi 6,000 zilitoka kwa fulani kwenda kwa fulani. Halisemi ilikuwa mbuzi dume mwekundu, au malipo ya nusu ya kwanza. Hilo unalijua wewe tu, na unalijua vizuri wiki hii kuliko mwakani.

Kama una biashara, kuna sababu nyingine. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe kwa miaka 5. Hakuna simu ya mabonyezo yenye mtungi wa miaka 5. Hizo lazima ziende kwenye tangi.

Na vikundi vya akina mama vya kuweka akiba, hili ni lenu hasa. Simu ya mweka hazina ikijaa na meseji za michango mitatu zisiingie, watu watatu wataambiwa hawajachanga, nao wana uhakika wamechanga. Vikundi vimevunjika kwa jambo dogo kuliko hilo. Mpangie mweka hazina siku ya kunakili na muitaje kwenye mkutano, kama mnavyotaja salio.

Imejaa sasa hivi, nifanyeje?

*Nimesimama sokoni na meseji haiingii.* Usitoe mzigo bado. Angalia salio au miamala ya mwisho kwenye menyu. Likiwa limeongezeka kwa kiasi mlichokubaliana, na jina ni la mnunuzi, mpe mzigo wake kwa moyo mweupe. Halijaongezeka? Mwambie asubiri. Mnunuzi mwaminifu hatakasirikia dakika moja.

*Nimefuta nafasi, meseji za jana zikaingia zote kwa pamoja. Nimelipwa mara mbili?* Hapana. Ni zile zilizokuwa zinasubiri. Soma tarehe na saa iliyoandikwa ndani ya meseji, usiangalie saa iliyoingia. Ndiyo maana pia hupaswi kuhesabu mauzo ya leo kwa meseji zilizoingia leo.

*Nilifuta zote bila kunakili.* Pole, lakini hujapoteza pesa. Omba taarifa ya kipindi hicho. Kisha kaa chini leo hii, ukiwa bado unakumbuka, uandike kando ya kila muamala ulikuwa wa nini.

*Nina laini mbili kwenye simu moja.* Mtungi ni mmoja kwa zote mbili kama meseji zinahifadhiwa kwenye simu. Hesabu meseji za laini zote pamoja.

Fanya hivi jioni ya leo kabla hujazima simu: ingia kwenye mipangilio ya meseji, uone nafasi iliyobaki. Kama umevuka nusu, chukua daftari. Kazi ya kwanza itakula kama saa moja. Ukiizoea kila siku ya pili, ni dakika kumi tu, ukisubiri chai ichemke.